Wageni wa Darasa la Pili B

Mwalimu Diep alisimama juu ya kigoda mbele ya kioo, mikono kaitandaza, huku Thuc akimzunguka kiunoni na pini mdomoni. Ao dai ile, vazi refu la heshima la Kivietinamu, ilikuwa ya rangi ya waridi changa, na ilimkaa mwalimu vizuri hata Thuc mwenyewe, ambaye hana tabia ya kujisifu, aliona kwamba safari hii mkono wake umetulia. Keshokutwa mwalimu angefundisha somo la mashindano mbele ya wageni kutoka shule nyingine za wilaya, na hapa Hai Phong mwalimu haendi kushindana amevaa nguo ya dukani.

"Dada Thuc," mwalimu akasema, macho yake kwenye kioo, "keshokutwa Khue apumzike nyumbani, sawa?"

Thuc akatoa pini mdomoni. "Apumzike ana nini? Mtoto mzima, hata mafua hana."

"Siku moja tu, Dada. Wageni watakuwa wengi, kutakuwa na makofi, na wewe unajua akisikia kelele anavyokuwa. Nitaandika kwamba anaumwa."

"Mwaka jana pia aliandikwa anaumwa. Huyu mtoto ana ugonjwa gani unaompata wakija wageni?"

Diep akanywea. Alikuwa msichana bado, mwaka wake wa pili kazini, na shingo ilimwiva nyekundu kwenye ukosi mpya. "Si mimi. Mwalimu Mkuu ndiye kasema."

Thuc alikuwa na mengi ya kujibu. Lakini mtu aliyesimama juu ya kigoda chako, kafungwa na pini pande zote, hana pa kukimbilia, na yeye hakupenda ugomvi wa namna hiyo. Akabandika pini ya mwisho, tena kwa upole, jambo alilolijutia baadaye.

Khue, mwana wa Thuc, alikuwepo muda wote huo, chini ya meza ya kukatia, akipanga vipande vya chaki kuanzia kirefu hadi kifupi. Alikuwa na miaka minane. Daktari alilitaja neno usonji alipokuwa wa mitatu, na tangu hapo kila mtu mtaani amekuwa bingwa wa neno hilo isipokuwa wenyewe wanaoishi nalo. Maneno yake mwenyewe yalikuwa machache. Ya wenzake aliyashika yote, akayatoa akitaka, kwa sauti zao, pumzi na kikohozi pamoja.

Mwalimu alipokwisha kuondoka, chini ya meza kukatoka sauti ya Mwalimu Diep, nyororo, ile sauti yake ya kusifiwa.

"Watoto wazuri, tukikutana na mwenzetu mwenye ulemavu, tufanyeje?"

Kisha darasa zima kinywani mwa mtoto mmoja: "Tum-sai-die, Mwalimu!"

"Tumcheke?"

"Tusim-cheke!"

"Tumtenge?"

"Tusim-tenge!"

"Lam, wewe unasemaje?" Sauti ikageuka ya mtoto wa kiume. "Mimi naona tumwache, atatuchelewesha." Ikarudi ya mwalimu. "Hapana, Lam. Fikiri tena. Mwenzetu naye ana moyo kama sisi." Halafu ikashuka, ikawa kali kidogo. "Lam, hapo usicheke. Kosea vizuri. Turudie tangu mwanzo."

Thuc alikaa chini. Kwamba masomo ya mashindano hufanyiwa mazoezi, hilo halikuwa siri kwake. Hata yeye utotoni aliwahi kupangiwa jibu akaambiwa anyooshe mkono haraka. Kwamba kuna mtoto hupangiwa kosa, apate kusahihishwa mbele ya watu, hilo nalo ni la zamani. Lakini somo lenyewe! Walikaa ofisini watu wazima wenye akili timamu, wakachagua somo la kuwahurumia walemavu, wakalipigia mazoezi siku nenda siku rudi huku Khue kakaa palepale nyuma karibu na mlango akisikia kila neno, halafu wakaona kwamba ili somo lipendeze, mlemavu asiwepo. Na hakuna hata mmoja aliyecheka. Hakuna hata mmoja aliyeona aibu.

Jioni, juu ya mkeka wa chakula, aliwasimulia mumewe na mama mkwe. Tuyen huendesha kreni bandarini, mtu wa kunyanyua makontena mchana kutwa na kutonyanyua sauti hata siku moja. Alimchagulia Khue minofu ya samaki, akaondoa miba, akasema, "Siku moja tu, Mama Khue. Tuimeze."

"Wewe meza. Mimi koo limejaa."

"Usimjibu mumeo hivyo mtoto anasikia," akasema Bibi Nhan, mama yake Tuyen. "Na anarudia."

"Arudie tu, Mama. Nimechoka. Ningekuwa na uwezo ningemtoa shule ile kesho, nikamfundisha hapahapa mezani pangu."

Bibi akaweka vijiti vya kulia chini. Aliweka polepole, na nyumba ile walijua maana yake. "Hapa nyumbani hafichwi mtoto. Kijijini kwetu palikuwa na nyumba yenye mtoto wa hivi. Walimweka nyuma, karibu na ghala la mpunga. Sisi watoto wenzake tulimwona mara moja tu, siku ya kumzika. Unataka watu waseme hivyo juu ya mjukuu wangu? Shule ni shule. Akae nyuma, akae mlangoni, lakini aonekane anakwenda."

"Aonekane, Mama? Wanamfuta wakija wageni!"

"Siku moja," akasema Bibi. Yule mzee hakusema kwa ubaya. Alisema kwa woga, na woga huo Thuc aliurithi siku alipoolewa, pamoja na jiko na madhabahu ya wahenga.

Siku yenyewe ilipofika alimvalisha Khue sare, akamchana nywele bila kumgusa utosini, akampandisha pikipiki nyuma yake. Tuyen alikuwa zamu. Bibi alisimama mlangoni akauliza, "Unampeleka wapi?" Thuc akamjibu, "Shule ni shule, Mama." Akawasha pikipiki.

Lango lilipambwa kwa vitambaa na maua. Mwalimu Mkuu, Bi Oanh, alikuwa chini ya ngazi akipokea wageni katika ao dai ya mahameli, tabasamu kalitundika usoni tangu alfajiri. Alipomwona Thuc, tabasamu halikushuka, ila macho yaliliacha peke yake.

"Ai, Mama Khue! Si mtoto anaumwa?"

"Amepona."

"Basi akapumzike chumba cha muuguzi, kuna feni nzuri. Mama Khue, mdogo wangu, tuelewane. Leo ni jina la shule nzima."

"Darasa lake liko juu," akasema Thuc, akataka kupita, na hapo ndipo alipoiona meza. Ilikuwa chini ya ngazi kati ya mifagio na ndoo za kudekia, kiti kimepinduliwa juu yake, na pembeni ile lebo aliyoibandika mwenyewe mwanzo wa mwaka yenye jina la mwanawe.

Khue aliiona pia. Hakulia. Aliitazama tu, akatazama juu ngazini, akaitazama tena, kama mtu aliyekuta jiko lake chooni.

"Tulihitaji nafasi ya viti vya wageni," Bi Oanh akasema haraka.

Thuc alimshika mtoto mkono wakapanda. Bi Oanh hakuweza kuwafuata mbio, maana wageni walikuwa wakimwamkia huku na huku, na mtu hawezi kumkimbiza mzazi huku anaulizwa habari za afya. Mlango wa darasa la pili B ulikuwa umezibwa kwa viti vya plastiki na migongo ya walimu. Mama na mtoto wakasimama dirishani, kwenye ujia.

Somo lilikuwa katikati. Msichana mmoja alifungwa skafu machoni, akashikishwa fimbo, akawa kipofu. Wenzake wawili walimvusha barabara iliyochorwa kwa chaki sakafuni, wakimwambia, "Usiogope, rafiki, tuko nawe." Simu za wageni zilikuwa hewani zikirekodi. Mwalimu mmoja wa makamo alikuwa akifuta machozi. Machozi ya kweli, kwa ajili ya mtoto anayeona vizuri kabisa, ambaye akivuliwa skafu anakwenda kucheza kamba! Thuc alitamani kumshika yule mama bega amgeuze dirishani, amwambie haya, mwenyewe huyu hapa, lia sasa.

"Watoto wazuri," akasema Mwalimu Diep ndani ya ile waridi changa, "tukikutana na mwenzetu mwenye ulemavu, tufanyeje?"

"Tum-sai-die, Mwalimu!" darasa likajibu, na Khue dirishani akajibu nalo, sawia, bila kupitwa hata na silabi. Wakasonga hivyo, kutomcheka, kutomtenga, mpaka kwa Lam. Lam akasimama akakosea vizuri, kama alivyofundishwa. Mwalimu Diep alikuwa ameshafungua kinywa aliposikia sauti yake mwenyewe ikitoka ujiani.

"Hapana, Lam. Fikiri tena. Mwenzetu naye ana moyo kama sisi."

Migongo yote iligeuka. Diep akabaki kinywa wazi. Lam, maskini, hakujua sasa amsikilize mwalimu yupi.

"Huyu ni nani?" akauliza mgeni mmoja mnene aliyekaa viti vya mbele.

Bi Oanh alikuwa amefika, anahema. "Mtoto wa mpishi," akasema. "Si wa hapa. Samahanini sana, mpishi wetu hana pa kumwacha."

Basi. Alisema hivyo, na mama mzazi amesimama upande wake wa kulia, karibu hata anayasikia marashi yake. Thuc amelifikiria sana tangu siku ile na mpaka leo anashangaa ule wepesi wake. Hakusita. Alimkana mtoto wa watu kama anayefukuza nzi.

Khue hapendi kosa libaki limekaa. "Mimi ni Khue," akasema, kwa sauti yake mwenyewe, ile kavu isiyopanda wala kushuka. "Darasa la pili B. Meza yangu iko chini ya ngazi."

Thuc alingoja. Alikuwa mjinga kiasi hicho, alingoja mtu mmoja kati ya walimu wote wale ainuke aseme, hebu iletwe hiyo meza. Yule mnene alikohoa. Akatabasamu, akasema, "Haya, Mwalimu, endelea, muda unakwenda." Migongo ikageuka mbele. Mwalimu Diep akaendelea.

Alasiri simu ya Thuc haikukoma kulia. Kundi la wazazi lilijaa maua na mioyo: darasa la pili B limeshika nafasi ya kwanza wilaya nzima! Pongezi Mwalimu Diep! Pongezi watoto wetu! Mzazi mmoja akaandika kwamba nusura mambo yaharibike, lakini tunashukuru. Thuc alisoma hilo mara mbili, akajitoa kwenye kundi.

"Harudi," alimwambia Tuyen alipoingia na viatu mkononi. Alimsimulia yote, tangu meza hadi mpishi. Tuyen alisikiliza amesimama. Uso ulimbadilika pale penye mpishi.

"Nani atamfundisha?" akauliza mwishowe.

"Mimi."

"Wewe uliishia darasa la tisa."

"La pili nililipita."

Tuyen alicheka, hakutaka lakini alicheka, kisha akakaa chini akafunika uso kwa mikono. "Na nguo za watu? Na ukichoka? Mama Khue, mimi siko upande wao. Naogopa tu kwamba tutashindwa, halafu atakuwa hana huku wala kule."

"Mimi naogopa hivyohivyo," akasema Thuc. "Ila huko hana sasa hivi."

Bibi Nhan alikwenda kuwasha ubani kwenye madhabahu, akakaa huko muda mrefu kupita kawaida.

Asubuhi iliyofuata Khue alivaa sare peke yake, akavaa kofia ngumu, akasimama kando ya pikipiki. Thuc akachuchumaa mbele yake. Alikuwa amejiandalia maneno, na yote yakampotea.

"Leo hatuendi, mwanangu. Tutasomea hapa."

Khue alifikiri. "Wageni hawajaondoka?"

Thuc hakuwa amelia chini ya ngazi wala dirishani. Alilia hapo. Mtoto alikuwa ameelewa kila kitu kwa mpangilio wake: wakija wageni yeye hatakiwi, wakiondoka anarudi, na hakuona kosa lolote katika utaratibu huo isipokuwa kwamba wageni wa safari hii wanakawia. Ndicho alichofundishwa pale shuleni. Hicho alikishika bila mazoezi.

Siku za mwanzo zilikuwa balaa. Khue alitaka kengele, na kengele haikuwepo. Saa za mapumziko zilipofika bila kengele alijipiga mapaja na kupiga kelele mpaka jirani wa upande wa pili akagonga ukuta. Thuc aliunguza mkono wa nguo ya bibi harusi kwa pasi, akakesha kushona mwingine. Kuna siku alifunga kitabu akamwambia mumewe, "Nimekosea," na Tuyen, aliyekuwa na haki ya kusema nilikwambia, akachukua kitabu akaendelea mwenyewe, vibaya sana, kwa jasho. Kisha siku moja Khue aliacha kurudia maneno ya kitabu, akauliza kwa nini hesabu ya kutoa haigeuzwi kama ya kujumlisha. Thuc aliweka sindano chini. Alikuwa hajawahi kusikia mwanawe akiuliza kwa nini.

Ndipo Bi Oanh akaja. Alikuja na kikapu cha machungwa yaliyofungwa utepe, na Mwalimu Diep nyuma yake, kofia ngumu bado kichwani, macho sakafuni. Bibi Nhan aliwapokea kwa heshima zote, akaita chai, akapangusa kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Mwalimu Mkuu kuja nyumbani si jambo dogo, na mtaa mzima ulikuwa umeona.

"Bibi, mimi nimekuja kama mwana wa nyumba hii," Bi Oanh akaanza, akampaka mzee mafuta kwa mgongo wa chupa, afya, uzuri wa nyumba, adabu ya mkwe. Baadaye akafika kwenye lililomleta. "Shule yetu ni shule ya mfano. Shule ya mfano haipotezi mtoto hata mmoja. Kwa hiyo tumefikiri hivi: Khue abaki kwenye orodha, kama kawaida. Mtihani tutamjazia. Cheti atapata. Na mtoto mwenyewe, kama mlivyopenda, akae nyumbani apumzike."

"Mnataka jina," akasema Thuc.

"Tunataka kuwasaidia."

"Mnataka jina lake liende shule, yeye asiende. Mwenye jina mmemweka na mifagio, mkamwita mtoto wa mpishi, sasa mnarudi mnamwomba jina. Mwalimu Mkuu, una uso wa namna gani?"

"Thuc!" Bibi akasema kwa ukali. Akamgeukia mgeni, mikono magotini, na sauti yake ilikuwa ya kuomba, iliyomuuma Thuc kuliko yote. "Msamehe, Mwalimu, ana hasira ya mama. Mimi nataka mjukuu wangu asome shule. Nimetaka hivyo siku zote. Niambie kitu kimoja tu. Akirudi, siku ya wageni atakaa darasani na wenzake?"

"Bibi, hayo ni mambo ya kupanga wakati ukifika, kila mwaka una hali yake, unajua tena..."

"Atakaa?"

"Sisi tunawapenda watoto wote..."

"Hapana, Bibi," akasema Mwalimu Diep.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aingie. Bi Oanh alimgeukia kwa jicho lililotosha kumfukuza mtu kazi, na labda ndivyo lilivyokusudiwa. Diep akavua ile kofia ngumu. "Hapana. Hatakaa. Wala mwakani. Dada Thuc, usimrudishe."

Bibi Nhan aliondoa mikono magotini. Halafu akainuka, akachukua kikapu cha machungwa, akakiweka mapajani mwa Bi Oanh, kwa mikono miwili, kama inavyopasa kumpa mtu wa cheo.

"Nilidhani nyinyi ndio wa kumtoa mafichoni," akasema. "Kumbe mnaficha watoto kwa kupokezana na sisi. Futa jina lake, Mwalimu. Lifute leo."

Chai haikunywewa. Pikipiki mbili ziliondoka, na ile ya nyuma iliacha nafasi kubwa kati yake na ya mbele.

Thuc alidhani mzee angekwenda kulala. Badala yake Bibi alikwenda kwenye ile meza ya kukatia iliyokuwa ndani kabisa karibu na jiko, akaishika upande mmoja. "Shika huko," akasema. Wakaiburuta, mkwe na mama mkwe, vitambaa vikidondoka, mpaka mbele ya nyumba. Bibi akasukuma milango ya chuma yote miwili, hata ule ambao hufunguliwa mwaka mpya tu, nyumba ikabaki wazi barabarani kama duka. Akamkalisha Khue hapo, uso mtaani, na vitabu vyake. Yeye akavuta kigoda akakaa kando.

Haikupita muda, yule jirani mwenye kugonga ukuta akapita na baiskeli. Akapiga kengele, akapunguza mwendo, akachungulia, akauliza kwa sauti ile ya watu wanaojua jibu. "Eh, Bibi Nhan! Mtoto leo hana shule?"

"Anayo," akasema Bibi, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa kichochoro. "Yuko darasani. Na wewe ondoa kengele yako hapo, unamsumbua mwanafunzi."